Ghala la Mtu Mmoja

Jumapili, 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na paa limevuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya korido, ingawa fundi aliapa kwa jina la mama yake kwamba halitavuja tena.

Shangazi ndiye aliyeniambia niandike. "Wewe unachemka ndani kwa ndani, halafu unamlipukia mtu asiye na hatia. Andika, usije ukatupasukia humu ndani." Nikamwambia mimi sichemki. Akasema, "Umeanza." Basi naandika.

Nyumbani tuko watatu: Baba, dada yake ambaye ndiye Shangazi, na mimi. Mama alifariki nikiwa shule ya msingi. Baba alikuwa fundi wa eksirei hospitalini hadi alipostaafu. Miaka hiyo alichoshwa na mashine iliyokuwa ikikataa kumwonyesha picha ilizopiga yenyewe, akaamua kuandika maktaba. Kwa watu wa kompyuta, maktaba si chumba cha vitabu. Ni kipande cha programu kisichofanya kazi peke yake, ila programu nyingine hukiegemea. Maktaba ya Baba inajua jambo moja tu, kusoma picha za eksirei. Kila programu katika distro yetu ya Linux, yaani mkusanyiko wa programu za bure unaoendesha kompyuta nzima, inayotaka kumwonyesha daktari mfupa uliovunjika, lazima ipitie kwa Baba.

Distro yetu inatunzwa na watu wa kujitolea waliotapakaa huku na huko, kila mmoja na vifurushi vyake, yaani programu zilizofungwa tayari kusambazwa. Mimi na Baba tunatunza kifurushi cha maktaba hiyo. Jina lake linatangulia, langu linafuata, na mimi ndiye niliyetaka iwe hivyo. Anayeruhusiwa kupakia kazi kwenye ghala kuu, ambako watumiaji wote huchukua programu zao, ana ufunguo wake, yaani saini ya siri ambayo ghala linaitambua. Baba ni katika wenye funguo za zamani kabisa. Shangazi husema angeulizwa aokoe nini nyumba ikiwaka moto, angeokoa ule ufunguo, kisha angerudi kututazama sisi kama bado tupo.

Barafu ametangaza tarehe: distro inagandishwa tarehe 14 Aprili. Barafu ni mama anayesimamia matoleo, na hilo jina kapewa kwa sababu siku hiyo ikifika hapindwi. Kifurushi kilicho kizima kinaingia kwenye toleo jipya. Kilicho kibovu kinatolewa, pamoja na programu zote zinazokiegemea. Baba alipoisoma tarehe alisugua mikono kama mtoto aliyetangaziwa likizo. Huu ndio msimu wake.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Ndoo moja koridoni. Hakuna jipya.

Ijumaa, 7 Machi

Jana mchana Baba alipakia toleo jipya la maktaba. Leo asubuhi malalamiko yamejaa kwenye ukurasa wetu wa hitilafu. Programu za kutazama picha zinaanguka zikifunguliwa tu.

Sababu nimeiona kabla chai haijapoa. Ukibadilisha umbo la ndani la maktaba, sharti ubadilishe na namba iliyo mwishoni mwa jina lake. Namba hiyo ndiyo inayoziambia programu kwamba huyu si yule mliyemzoea, jengweni upya kabla ya kumwegemea. Baba amebadilisha ndani, jina akaliacha kama lilivyokuwa. Programu zimekuja kwa imani yao, zimeegemea, zimeanguka.

Ni yeye aliyenifundisha kulikwepa kosa hilo, nikiwa bado sifiki mezani bila kuwekewa mto kwenye kiti.

"Baba, mbona hukubadilisha namba?"

"Nimebadilisha."

"Hukubadilisha. Hebu tazama."

Akatazama kwa muda mrefu, midomo ikitembea kama mtu anayesoma lugha ya watu. Kisha akacheka. "Basi ni uzee. Juzi nilivaa soksi mbili mguu mmoja nikaitafuta nyingine nyumba nzima."

Tukacheka wote. Nikabadilisha namba, nikapakia upya, nikawaomba radhi watu. Kazi ya saa chache.

Jumanne, 11 Machi

Mvua tangu alfajiri. Baba ameniuliza Mama ameenda wapi na mvua yote hii. Halafu akajishika mdomo, akaenda kuimwaga ndoo ya korido ambayo haikuwa imejaa.

Alhamisi, 13 Machi

Amepakia tena. Si toleo jipya, ni lilelile la wiki iliyopita, na jina lilelile la zamani. Marekebisho yangu yote yamefutika. Hata maelezo ya mabadiliko aliyoyaandika ni yaleyale neno kwa neno, na kosa moja la herufi liko palepale. Hakunakili. Ameyaandika upya, akiamini ni mara ya kwanza.

Barafu ameniandikia pembeni. "Dada, mzee wetu yuko salama? Niambie tu."

Nimemjibu kwamba ana mafua. Sijui kwa nini nimesema mafua.

Jumatatu, 17 Machi

Tumekwenda kwa daktari. Ni kijana mpole, alimwambia Baba achore saa. Baba alichora duara safi kama la bikari, akaweka namba zote upande mmoja, akamrudishia karatasi kwa kujiamini. Daktari akaandika kitu kwenye faili. Nami nilikuwa bado natazama ile saa.

Ni ugonjwa wa kusahau. Dawa za kuuponya hakuna, zipo za kuupunguzia mwendo. Daktari alisema unaweza kwenda polepole miaka mingi, na unaweza kuporomoka ghafla, hasa mgonjwa akipatwa na maradhi mengine juu yake. Baba aliitikia kila neno kama fundi anayesomewa ripoti ya mashine ya mwenzake.

Tulipotoka tulijikinga mvua chini ya kibaraza cha duka la miwani. Nilikuwa najikaza nisilie.

"Usiwaambie watu wa distro," alisema.

"Baba, watauliza."

"Waulize. Wakijua watanihurumia, na mimi sijawahi kupakia kitu kwa huruma ya mtu. Kikiwa kibovu wanikatalie kwa ubovu wake. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Akatazama miwani dirishani, akasema miwani ya namna ile ni ya watu wanaodaiwa kodi ya nyumba. Nikacheka huku machozi yanashuka, na akajifanya hayaoni.

Jumatano, 19 Machi

Nimeirudishia maktaba namba yake. Ndoo sasa ni mbili.

Jumamosi, 22 Machi

Nimejaribu akili mpya. Nilimwambia, "Baba, kuanzia leo tupakie pamoja. Wewe utayarishe, mimi nikague, halafu utie saini."

"Unikague mimi?"

"Tukaguane. Kama zamani."

"Zamani nilikuwa nakukagua wewe." Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Nani aliyekuonyesha hata namna ya kushika kipanya? Leo umekuwa bwana mkubwa, unakuja kuniwekea mlinzi mlangoni!"

Katika maisha yangu Baba hajawahi kunipandishia sauti hivyo. Shangazi alitoka jikoni na unga mikononi, akasema, "Kaka, kaka, mtoto huyo." Baba akanyanyua kiti, akakaa, na baada ya muda mfupi akaniuliza kwa upole kama nimekunywa chai. Alikuwa ameshasahau. Mimi sijasahau, na ninaona aibu kwamba bado nina hasira na mtu ambaye hana tena hasira na mimi.

Jumatano, 26 Machi

Mara ya tatu. Safari hii mambo yamekwenda mrama zaidi, kwa sababu ameiondoa kwenye kifurushi sehemu nzima ya kusoma picha za mashine za zamani, na hospitali ndogo zinatumia mashine hizohizo. Mtu mmoja ameandika kwamba wamekaa asubuhi nzima na mgonjwa aliyevunjika nyonga, picha wanayo, kuifungua hawawezi.

Barua ya Barafu ilifika mchana. Nainakili kwa sababu nimeshaisoma hadi imenikaa kichwani. "Dada, nimekuvumilia kwa heshima ya mzee. Programu kumi na tisa zinaiegemea maktaba yenu. Nikiigandisha ikiwa hivi nitakuwa nimewadanganya wanaotuamini, na nikiitoa, zote kumi na tisa zinatoka nayo, na hospitali zinabaki bila kitu kwa toleo zima. Siwezi kumzuia asipakie maadamu ufunguo wake unafanya kazi. Ni ama ufunguo wake, ama maktaba yake. Chagua wewe, mimi nikichagua nitakuwa nimekuonea."

Maktaba ndiyo kazi ya maisha yake. Ufunguo ndio unaomfanya aamke asubuhi. Nichague kipi ambacho si kumkata mkono?

Ijumaa, 28 Machi

Shangazi tumegombana. Nilimwambia ninataka kuwaandikia wanaotunza funguo wamwondoe kimyakimya, yeye ataona tu kwamba mtandao una matatizo, halafu atasahau.

"Kwa hiyo utamwibia."

"Si kumwibia, Shangazi."

"Kumchukulia mtu kitu bila yeye kujua, kwenu kunaitwaje?" Alikuwa anakunja nguo ambazo hazijakauka, msimu huu hakuna kinachokauka. "Kaka yangu mimi namjua. Mwambie usoni atalia, halafu atakubali. Ukimzunguka, siku akili ikimrudia hata kwa saa moja, atakuona wewe ni mtu gani?"

Nilipandwa na hasira, nikamwambia yeye hajui ufunguo una maana gani. Akasema kweli, hajui, lakini anajua kaka yake ana maana gani. Nikaenda kuimwaga ndoo.

Jumatatu, 31 Machi

Nilimwandikia Mwenye Funguo. Huyo ndiye mtunza orodha ya funguo zote za distro, mtu wa maneno machache, hatujawahi kuonana. Nilimweleza kila kitu isipokuwa jina la ugonjwa. Akanijibu kwamba kwao mtu hafutwi kwa kusemewa. Huandikiwa yeye mwenyewe, na akiridhia huandika barua ya kuaga na kuitia saini kwa ufunguo uleule unaoondoka. Iwe ndiyo kazi yake ya mwisho.

Barua ilifika kwa Baba leo asubuhi. Nilikaa karibu naye akaisoma. Ilikuwa siku yake nzuri, nilijua tangu alipomtania Shangazi kuhusu mkate ulioungua.

Aliisoma mara mbili. Akavua miwani.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Baba."

"Nimeharibu sana?"

"Kuna hospitali walishindwa kufungua picha."

Aliinamisha kichwa. Kwa fundi wa eksirei hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Nikataka kumwambia ni mara moja tu, walifungua baadaye, nikashindwa.

"Mimi ningemwandikia mtu barua hiihii," akasema. "Tena nisingechelewa kama ulivyochelewa wewe. Wewe una roho nyepesi."

Akaandika mistari minne. Anaaga, anashukuru, anasema maktaba inabaki kwa mwenzake ambaye ni mkali kuliko yeye. Akatia saini. Kisha akaomba chai, na mimi nikaenda jikoni nikalia kwenye bega la Shangazi hadi gauni lake likalowa. Shangazi hakuniambia "nilikwambia". Kwa Shangazi, hiyo ni huruma kubwa.

Jumanne, 1 Aprili

Niliamka nikamkuta mezani. "Ajabu," alisema. "Ghala limekataa kazi yangu. Linasema haliutambui ufunguo."

Nikamweleza. Akasikia kama ni mara ya kwanza, uso wake ukaanguka kama ni mara ya kwanza, akakubali kwa maneno karibu yaleyale. Kumbe jana sikuyamaliza.

Jumatano, 2 Aprili

Leo tena.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo tena. Safari hii hakukubali. Aliuliza amemkosea nani.

Ijumaa, 4 Aprili

Leo tena. Nilimwambia mtandao una matatizo. Shangazi alinisikia, akaendelea kupiga pasi.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimefanya jambo.

Chini ya meza ya sebuleni ipo kompyuta ya zamani ambayo Shangazi huitumia kuwekea chungu cha maua. Nimekitoa chungu, nimeifuta vumbi, na nimeijengea ghala ndani yake. Ghala kamili, lenye milango yote, linalokagua saini na kutuma barua kama ghala kuu linavyotuma. Tofauti ni kwamba linautambua ufunguo mmoja tu duniani, na halijaunganishwa na mtu yeyote. Kisha nikaielekeza kompyuta ya Baba huko.

Alipakia baada ya chai. Barua ikamjia: "Kifurushi chako kimepokelewa. Asante kwa kazi yako."

"Hao!" akapiga paja. "Nilijua watarekebisha." Akaimba, Baba wangu ambaye sauti yake inafukuza paka, akaimba hadi mchana.

Shangazi alitazama chungu chake sakafuni, akanitazama mimi. "Umemjengea nyumba ya kuchezea."

"Afanye nini, Shangazi? Afe kila asubuhi?"

Akalihamishia ua dirishani, akasema hata hivyo pale chini lilikuwa halipati mwanga.

Jumanne, 8 Aprili

Kazini nimeomba ruhusa ya siku mbili. Nimeijenga maktaba upya, namba mpya, sehemu ya mashine za zamani imerudi. Nimezijenga na programu zote kumi na tisa moja baada ya nyingine juu yake. Zimesimama. Barafu ameandika neno moja: "Safi."

Kwenye mstari wa watunzaji nimefuta jina la kwanza, la Baba. Nilikaa kitambo kidole kikiwa juu ya kitufe.

Alhamisi, 10 Aprili

Baba hana raha. Anafungua ukurasa wa hitilafu wa ghala lake, anaufunga, anaufungua tena.

"Mbona kimya?" ameniuliza. "Nimepakia mara nne, hakuna hata mmoja aliyelalamika. Kitu kisicholalamikiwa hakitumiki. Hakuna watu huko?"

Hilo sikulifikiria. Nilijenga milango yote, nikasahau kuweka watu.

Basi nikaingia chumbani kwangu nikajitengenezea jina, "fundi wa mbali," nikaandika ripoti ya hitilafu. Nikasema picha za mbavu zinatoka zimegeuka, kushoto kuwa kulia. Nikasikia kutoka sebuleni akicheka kwa furaha, "Haya, ameshakuja mmoja!" Akajibu kwa ukurasa mzima. Alimshukuru mgeni, akamweleza hatua kwa hatua, akamwambia asione aibu kuuliza tena.

Mimi hajawahi kuniambia nisione aibu. Nimemwonea wivu mtu ambaye ni mimi mwenyewe.

Jumatatu, 14 Aprili

Distro imegandishwa leo. Maktaba imo, na programu zake zote zimo. Barafu amenitumia salamu ndefu, kwa mara ya kwanza ameandika kama mtu mwenye damu. Nilipaswa kufurahi. Nilisimama koridoni nikasikiliza maji yakidondoka ndooni.

Jumatano, 16 Aprili

Baba ana homa na kikohozi. Mvua hii.

Ijumaa, 18 Aprili

Homa haijashuka. Daktari amekuja nyumbani, amesema mapafu. Shangazi hamwachii mtu mwingine ampe supu.

Jumatatu, 21 Aprili

Homa imeshuka. Usingizi mwingi.

Alhamisi, 24 Aprili

Ameamka, amekula, amemwita Shangazi kwa jina lao la utotoni. Nilipomletea dawa aliniambia, "Asante, dada." Nikadhani ni utani wake. Nikasubiri acheke.

Jumamosi, 26 Aprili

Si utani.

Nikimwita Baba anageuka kutazama kama kuna mtu nyuma yake. Jana nilipomwita hivyo mara mbili mfululizo aliingiwa na hofu, akamwuliza Shangazi huyu msichana ana shida gani. Shangazi alijaribu. "Ni mwanao, kaka." Baba akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu anayedai mnafahamiana, akasema, "Mwanangu ni mkubwa, yuko mbali kikazi."

Daktari anasema huenda ikarudi kidogo, huenda isirudi. Ya zamani ndiyo yanayochelewa kuondoka, ndiyo maana Shangazi amebaki. Shangazi ameniomba msamaha kwa kukumbukwa. Tumekaa jikoni tumeshikana mikono kama watu waliofiwa, na marehemu wetu anapiga chafya sebuleni.

Jumatano, 30 Aprili

Kompyuta hajaisahau. Vidole vyake vinajua njia. Leo amerudi mezani, amefungua ukurasa wa hitilafu, amekuta ripoti nyingine ya fundi wa mbali niliyoiandika kabla ya homa, na amejibu. Jibu halina mpangilio mzuri, lakini upole ni uleule.

Nimemwandikia tena. Niliweka hitilafu ya kusingizia mwanzoni, kisha nikauliza, kama mgeni anavyoweza kuuliza, unaishi na nani huko?

Akajibu, "Na dada yangu, na msichana mmoja mwema anayetusaidia nyumbani. Anajua kompyuta kiasi."

Kiasi! Nilicheka peke yangu chumbani, nikalia papo hapo, sijui kipi kilitangulia.

Ijumaa, 2 Mei

Mvua imeanza kupungua. Sikuenda kazini.

Jumapili, 4 Mei

Nimeandika ripoti ya leo kwa muda mrefu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Shangazi alikuwa amejilaza. Baba alikuwa sebuleni, mimi chumbani, mlango uko wazi, namsikia akivuta pumzi.

Niliandika: "Mzee, nashukuru, picha sasa zinafunguka. Nina swali ambalo si la hitilafu. Siku ukichoka, maktaba hii utamwachia nani?"

Kisha nikasikia vidole vyake, polepole, herufi moja, halafu nyingine. Nilikaa kitandani na kompyuta mapajani hadi jibu likafika. Nalinakili lilivyo.

"Fundi mwenzangu. Nina binti. Nilimfundisha mwenyewe, alikuwa anakaa juu ya mto ili afikie meza. Sasa ananipita kwa mbali ila sijamwambia, nilikuwa naogopa atavimba kichwa. Siku hizi haji. Nadhani kuna kitu nilimkemea, sikumbuki ni nini, na mtu akishasahau kosa lake atalitubia vipi? Wewe upo kwenye distro, huenda mkakutana. Ukimwona mwambie maktaba ni yake tangu zamani, mimi nilikuwa namshikia tu. Mwambie asiwe na hasira na mimi. Utamwambia?"

Nilishindwa kuona kioo. Nikajifuta, nikaandika, "Nitamwambia, mzee. Namfahamu. Hana hasira." Nikatuma.

Nikasikia kiti kikisogea. "Msichana!" aliita. "Wewe msichana, njoo uone."

Nilinawa uso kwanza. Nilipofika alikuwa amegeuza kompyuta iwe upande wangu, uso wake unang'aa.

"Hebu nisomee, macho yangu yamechoka. Huyu mtu anasema anamfahamu mwanangu?"

Nikainama nikamsomea maneno yangu mwenyewe. Nilifika kwenye "hana hasira" sauti ikakatika, nikakohoa, nikarudia.

"Umesikia?" alisema. "Hana hasira." Akavuta pumzi ndefu, mabega yakashuka. "Na mimi nilichomwandikia, umekionaje? Kiko sawa? Huyo binti yangu ni mkali, akikuta kosa hanyamazi."

Nikasoma tena yale yote kutoka juu, pale pale mbele yake, bega langu likigusa lake.

"Umeandika vizuri, mzee," nikamwambia. "Atafurahi."

Akaridhika. Akanisogezea kiti nikae.